Daftari tupu la mtoto wa chekechea

Januari imeingia, na katika nyumba nyingi mtoto mdogo amevishwa sare kwa mara ya kwanza na kupelekwa shule ya awali. Baada ya wiki mbili au tatu huanza malalamiko. Mzazi hufungua mkoba wa mwanawe akakuta daftari halina kitu. Humuuliza amefanya nini shuleni, naye hujibu: "Tumecheza." Hapo mzazi hukumbuka ada aliyolipa, akajiona ameibiwa. Wako wanaomhamisha mtoto muhula uleule na kumpeleka mahali ambapo watoto wa miaka minne hurudi na kurasa kadhaa za kazi ya nyumbani. Kabla ya kufikia uamuzi huo, ni vyema tutazame huo mchezo una nini ndani yake.

Mtoto anapopewa rundo la visoda na kuambiwa avitenge kwa rangi, kisha avihesabu, yumo katika somo la hesabu. Watoto wengi hutaja moja hadi ishirini kama wimbo, na bado hawajafahamu kwamba tano ni idadi ya vitu. Jaribu nyumbani: mpangie visoda vitano karibu karibu, kisha vitawanye mbele ya macho yake. Huenda akakwambia kuwa sasa vimekuwa vingi zaidi. Mtoto huyo anahitaji kushika, kupanga na kugawa vitu mara nyingi. Kumwandikisha tarakimu 5 ukurasa mzima hakutampa ufahamu huo.

Hali ni hiyo hiyo katika kuandika. Kufinyanga udongo, kutunga shanga na kurarua karatasi huimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Mkono wa mtoto wa miaka minne bado unakomaa. Akilazimishwa kufuata mstari kabla ya wakati, hushika penseli kwa ngumi, huchoka upesi, na linalohuzunisha zaidi ni kwamba hujiona hawezi. Nazo nyimbo na hadithi hulizoesha sikio. Mtoto anayepiga makofi kwa kila silabi, na kung'amua kuwa "mama", "maji" na "maziwa" huanza kwa sauti moja, siku atakapooneshwa herufi atakuwa tayari anazo sauti za kuambatanisha nazo.

Tena katika wiki hizi za mwanzo mwalimu ana kazi nyingine kubwa isiyoonekana daftarini. Anamzoesha mtoto kuachana na mama bila hofu, kunawa mikono, kusubiri zamu, kurudisha kifaa mahali pake na kusema anapotaka kwenda msalani. Asiyetulia moyo hafundishiki.

Jambo hili si geni kwetu Waislamu wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980, viongozi na wazazi wa Pwani ya Kenya walitaka watoto wao wapate maandalizi mema ya shule bila kutengwa na dini na mila zao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ulianzishwa Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, na mwalimu Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa waasisi wake. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wanawake wa mitaa husika walifunzwa ualimu, na vifaa vilitokana na mazingira: vifuu, mbegu, vibuyu na makuti. Mtoto alijifunza dua na adabu za Kiislamu katika darasa lile lile lenye kona za michezo.

Na tukumbuke Mtume wetu (s.a.w.) alivyokuwa akimtania Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, na kumuuliza habari za kindege alichokuwa akikichezea. Hakuuona mchezo wa mtoto kuwa jambo duni lisilostahili kuulizwa.

Hata hivyo, hofu ya wazazi ina msingi. Shule nyingi za binafsi humpima mtoto kwa mtihani kabla ya kumpokea darasa la kwanza. Lakini aliyezoea kusikiliza, kuhesabu vitu na kutumia vidole vyake huzishika herufi kwa wepesi wakati wake ukifika. Aliyekwisha kuichukia shule huanza safari ndefu akiwa amechoka.

Wala si kila mchezo ni somo. Watoto waliorundikwa chumbani bila kifaa chochote, mwalimu akiwa na simu yake, hawajifunzi. Na kwa hilo mzazi ana haki ya kulalamika. Kiwango kilichowekwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Nenda ukaangalie darasa. Je, vifaa vimewekwa mahali ambapo mtoto anavifikia? Je, mwalimu huinama akazungumza na mtoto mmoja mmoja? Muulize mchezo wa leo ulikusudia nini. Mwalimu anayeijua kazi yake atakujibu bila kusitasita.

Nyumbani nako kuna sehemu yako. Asubuhi umuage mtoto waziwazi, wala usimtoroke, kwa maana anayetorokwa leo kesho hulia zaidi. Usiku alale mapema. Jikoni mwache achambue mchele, apange vijiko na kugawa tende sawa kwa sawa kwa ndugu zake. Kusanya visoda, vifuniko na makasha matupu umpelekee mwalimu. Na mtoto arudipo, badala ya kumuuliza ameandika nini, muulize amecheza na nani, wamejenga nini, wamesikia hadithi gani. Kisha msikilize mpaka amalize, hata kama hadithi yenyewe haina mwisho.

Allah (s.w.) awakuze watoto wetu katika kheri. Tukutane wiki ijayo, Insha Allah.