Risasi ya Ket Parak na Deni la Ardhi

Oktoba 20 Wakenya huwakumbuka mashujaa wao kwa gwaride na hotuba. Siku moja kabla yake hupita bila kutajwa katika sehemu kubwa ya nchi, ingawa ni Oktoba 19, mwaka 1905, ambapo Koitalel arap Samoei aliuawa. Kwetu Ziwa, Uasin Gishu, ambako mahindi na maziwa ndiyo karo na ndiyo matibabu, na ambako mpaka wa shamba huweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja, tarehe hiyo haifai kusahaulika. Bila kuielewa, hatuwezi kueleza ardhi hii ilifikaje mikononi mwa walioimiliki.

Richard Meinertzhagen, afisa wa King's African Rifles, alimwita Koitalel, Orkoiyot (kiongozi mkuu) wa Wanandi, kwa mazungumzo ya amani katika kilima cha Ket Parak, Nandi Hills. Alikwenda na askari wapatao 80, akawaficha karibu wote, akasogea mbele na watano tu ili aonekane amekuja kwa heri. Muda mfupi baadaye Koitalel na watu aliofuatana nao walikuwa maiti. Meinertzhagen alijitetea kwamba yeye ndiye aliyetegewa. Wakubwa wake walimchunguza zaidi ya mara moja, wakamwondolea lawama, kisha wakamhamisha kutoka Afrika Mashariki. Utetezi huo una pengo kubwa: aliyekwenda kupatana aliwaficha askari wote hao kwa nini?

Wapo wanaosema Wanandi ndio walioanza. Ni kweli kwamba tangu 1895 walipambana na Waingereza, wakawavamia wafanyabiashara, wakakata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli ili kutengeneza mapambo na silaha. Lakini reli hiyo, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilipita katika nchi yao bila ridhaa yao, na kila walipojilinda walitumiwa msafara wa kijeshi. Hata siku Koitalel alipouawa, kikosi cha kuwaadhibu kilikuwa tayari kimekusanywa. Risasi ya Ket Parak ilifungua mapigano, ila vita vyenyewe vilikuwa vimeshaamuliwa.

Tena sababu haikuwa vyuma vya reli peke yake. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapendekezea viongozi wa Kizayuni kipande cha uwanda wa Uasin Gishu ili Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wapate makao. Wajumbe wao walikuja kuukagua mapema 1905, na mkutano wao mkuu mjini Basel ukalikataa pendekezo hilo katikati ya mwaka huo. Miezi michache baadaye Koitalel alikuwa ameuawa. London ilikuwa inaigawa nchi hii kwenye ramani kana kwamba haina wenyewe, wakati Wanandi walikuwa wakilisha mifugo humu, na kabla yao Wamaasai walioiachia jina la Uasin Gishu.

Matokeo hayakuchelewa. Wanandi waliompoteza kiongozi wao walishindwa, mamia wakauawa, maelfu ya mifugo yao yakachukuliwa, nao wakasukumwa kwenye eneo la akiba, mbali na reli. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ukiongozwa na Jan van Rensburg ulifika Uasin Gishu kutoka Afrika Kusini. Mji uliochipuka kwenye Shamba nambari 64, ambao wazee bado wanauita Sisibo, ndio Eldoret ya leo. Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiliwa mpaka 1964, wakati bendera ya Kenya ilikuwa imekwisha kupandishwa.

Hapo ndipo kosa la pili lilipofanyika, na hili ni letu. Uhuru ulipokuja, mashamba ya walowezi hayakurudishwa bali yaliuzwa. Waliokuwa na pesa au jina serikalini, na waliochanga kupitia mashirika ya kununua mashamba, walipata. Maskwota waliozaliwa humo humo wengi wao walibaki kutazama. Hasira iliyopaswa kuelekezwa London na kwa wakubwa wa Nairobi iliachwa ichemke vijijini, na wanasiasa wakajifunza kuitumia kila uchaguzi. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa nje kidogo ya Eldoret lilichomwa likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo ya baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133 nchini. Hakuna hata mmoja kati ya waliokufa Kiambaa aliyemuua Koitalel, wala aliyempa Kaburu shamba.

Kwa hiyo madai ya haki yaelekezwe panapostahili. Fimbo tatu za Koitalel zilizochukuliwa na Waingereza zilirudishwa Kenya mwaka 2006. Mfalme Charles alipozuru nchi yetu mwaka 2023 alieleza majuto juu ya maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Majuto bila radhi na bila fidia hayatoshi, na jamii za Nandi na Kipsigis, pamoja na ukoo wa Talai wa Koitalel, zina haki ya kuendelea kudai. Nairobi nayo iache kujificha nyuma ya Waingereza. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria, na wananchi wanastahili majibu, si ahadi za jukwaani.

Nanyi vijana wa Ziwa, mwanasiasa akija mwaka 2027 kuwaambia kwamba jirani mwenye hatimiliki ya ekari mbili ndiye aliyewanyang'anya nchi, mwulizeni 1905 jirani huyo alikuwa wapi. Akikosa jibu, mnyimeni kura.