Soko la Maziwa Kusini: Kipimo Kimoja Hakipo

Mnunuzi anayepokea maziwa Rungwe au Iringa huangalia mambo matatu: harufu, uzito kwa laktomita, na kama maziwa yanaganda yakichanganywa na spiriti. Vipimo hivyo humlinda dhidi ya maji na maziwa yaliyochacha. Havionyeshi risasi, zebaki wala kadimiamu, na kuchemsha hakuziondoi.

Hakuna sababu ya soko kuingiwa na hofu. Kadimiamu nyingi hubaki kwenye figo na maini ya ng'ombe. Kiasi kidogo sana hufika kwenye maziwa. Risasi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ng'ombe aliyelamba betri chakavu ya gari huihifadhi mifupani, na anaweza kuendelea kuitoa kwenye maziwa hata baada ya kupata nafuu. Kiwango cha juu cha kimataifa cha Codex ni miligramu 0.02 tu kwa kilo ya maziwa.

Hatari hailingani kila mahali. Wilayani Chunya wachimbaji wadogo wametumia zebaki kukamatia dhahabu kwa miaka mingi, na mifugo hunywa maji ya vijito vilivyo chini ya machimbo. Mijini, wafugaji wa ndani hukata majani kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi iliyokwisha kuingia ardhini haiozi. Mfugaji wa Rungwe anayelisha matete ya shambani kwake yuko mbali na yote mawili. Hata hivyo, maziwa yake yakimiminwa kwenye tangi moja na ya wengine, jina lake linachafuka pamoja nao.

Wapo watakaosema upimaji utapandisha gharama wakati maziwa ya unga ya nje yanabana bei. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye ng'ombe wawili, si kwa kituo cha kukusanyia wala kiwanda. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya. Sampuli moja ya tangi wakati wa masika na moja kiangazi, gharama ikigawanywa kati ya kiwanda na ushirika, ni mzigo unaobebeka.

China ilijifunza kwa hasara. Mwaka 2008 melamini, ambayo si metali, ilipita kwenye kipimo cha kawaida cha protini. Watoto waliugua, kampuni ya Sanlu ikafilisika, na wateja wakakimbilia maziwa ya nje kwa miaka kadhaa.

Mwekezaji mdogo anayetaka hisa katika kiwanda cha maziwa aombe kwanza vitu viwili: daftari linaloonyesha kila lita imetoka kwa nani, na cheti cha kipimo cha metali. Asiyekuwa navyo anauza kwa kubahatisha, na atakayenunua hisa zake atabahatisha pia.