Dozi, Kijiko na Kutwa: Deni la Wanakiswahili kwa Mtoto Mwenye Tatizo la Ukuaji

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mgonjwa. Katika makala haya ningependa kuielekeza kwetu sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili, maana yapo maradhi katika lugha ya dawa ambayo tumeyajua siku nyingi na hatujayatamka.

Shangazi yangu anaishi Nyanchwa, juu ya kilima mjini Kisii, mahali ambapo wengi wanapafahamu kwa kanisa, shule na chuo cha Waadventista. Analea mjukuu wa miaka sita. Mtoto huyo hasemi ila maneno machache, hachezi na wenzake, na huanguka kifafa. Miaka michache iliyopita aliandikiwa dawa ya maji. Katika duka la dawa, mhudumu alimwambia shangazi, "Mama, mpe kijiko kimoja, kutwa mara mbili." Juu ya kibandiko akaandika 1 × 2.

Shangazi alichukua kijiko alichokuwa nacho, kile kikubwa cha kulia wali. Alimpa mtoto dawa saa mbili asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa nyakati hizo mbili zimo ndani ya kutwa. Mtoto akawa analala ovyo, na akiamka anapepesuka kama mlevi. Shangazi alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, hii dawa inamtibu au inammaliza?" Tulisahihisha kijiko, naye mtoto akachangamka. Kisha chupa ikaisha. Kwa kuwa mjukuu hakuwa ameanguka kwa majuma kadhaa, shangazi alimshukuru Mungu akasema kwamba dozi imekwisha. Siku ya nne kifafa kilirudi, kikamshika mfululizo hata akalazwa.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi, na kila mara naona kwamba hapakuwa na mtu aliyesema uongo. Daktari aliandika sawa. Mhudumu alitumia Kiswahili fasaha. Shangazi alitii alichoambiwa. Kosa lilikuwa katika maneno matatu ambayo kila mmoja wetu huyatumia bila kuyachunguza: kijiko, kutwa na dozi.

Tuanze na kijiko. Dawa ya kabamazepini ya maji huwa na miligramu 100 katika kila mililita 5. Mtoto wa kilo 20 akihitaji miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, atapewa miligramu 200, yaani mililita 5 asubuhi na 5 jioni. Hesabu hiyo anaiweza mwanafunzi wa shule ya msingi. Lakini kijiko cha chai hubeba takriban mililita 5, na kijiko kikubwa cha mezani takriban 15. Neno "kijiko" halibainishi ni kipi. Kwa kukosa kivumishi kimoja, mtoto alimeza dawa mara tatu ya ile aliyopimiwa.

Neno la pili ni kutwa. Wanaleksikografia wanajua kwamba kutwa ni mchana, tangu jua lichomoze hadi lichwe. Ndiyo maana tukitaka kutaja na usiku husema "kutwa kucha". Mfamasia anaposema "kutwa mara mbili" anakusudia kila baada ya saa 12. Shangazi alielewa Kiswahili kuliko mfamasia, na ufahamu wake ukamwacha mtoto saa 18 bila dawa, tangu saa nane mchana hadi saa mbili asubuhi ya pili. Vivyo hivyo, "saa 8" kwenye kibandiko yaweza kusomwa kuwa saa nane ya mchana, au saa mbili ya asubuhi kwa aliyezoea saa za Kizungu, au muda wa saa nane baina ya kipimo na kipimo. Na 1 × 2? Aliyefika darasa la pili atakuambia jibu lake ni mbili, naye anaweza kuzinywesha zote mbili kwa mpigo.

Neno la tatu ndilo zito. Katika taaluma ya dawa, dozi ni kiasi kinachomezwa kwa mara moja. Katika Kiswahili cha mitaani, dozi ni matibabu yote tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka mingi tumehimizwa "kumaliza dozi" ya malaria, na tukaimaliza, tukapona. Basi mzazi aliyefunzwa hivyo, chupa ya dawa ya kifafa inapokauka, anaamini ametimiza wajibu. Hajui kwamba dawa hii haimalizwi kwa chupa, na kwamba kuikatiza ghafla kwaweza kukirudisha kifafa kikiwa kikali zaidi.

Hapa ndipo hisabati, fizikia na tiba hukutana. Mwaka 1902, Ernest Rutherford na Frederick Soddy, wakiwa Montreal, walieleza jinsi madini yenye mnururisho yanavyopungua: katika muda maalumu nusu huondoka, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Dawa nyingi huondoka mwilini kwa kanuni iyo hiyo. Tuseme, kwa mfano, nusu ya dawa huondoka kila saa 12. Baada ya siku moja itabaki robo. Baada ya siku mbili, sehemu moja kati ya 16. Baada ya siku tatu, moja kati ya 64. Siku ya nne ya mjukuu wa shangazi haikuwa uchawi wala laana. Ilikuwa hesabu, na hakuna aliyemweleza mlezi hesabu hiyo kwa lugha yake.

Historia ya utafiti huu imejaa mikutano ya namna hiyo. Hans Berger, katika mji wa Jena, alinasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuyachapisha mwaka 1929. Leo mawimbi hayo huchambuliwa kwa hisabati ambayo Joseph Fourier aliitumia kuelezea joto katika kitabu chake cha mwaka 1822. Katika jimbo la Rhode Island, Marekani, daktari Charles Bradley alikuwa akichunguza bongo za watoto kwa eksirei. Uchunguzi huo uliwaachia maumivu ya kichwa, naye akawapa Benzedrine. Kichwa hakikupoa sana, ila masomo yalibadilika. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1937, kati ya watoto 30, karibu nusu walikuwa wameendelea darasani kwa namna ya kushangaza. Watoto wenyewe waliviita vidonge hivyo kwa jina lao: vidonge vya hesabu. Mtumiaji wa dawa huitafutia maana kwa maneno yake hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza.

Maneno hutangulia hata kabla ya dawa, wakati mtoto anapochunguzwa. Moja ya maswali ambayo huulizwa ili kubaini usonji ni hili: je, mtoto hukutazama machoni? Kati ya mwaka 1974 na 1976, Robert LeVine na wenzake walichunguza akina mama na watoto wachanga katika nchi ya Wagusii, na matokeo yao yakatolewa kitabuni mwaka 1994. Waliona kwamba mama wa Kigusii humbeba na kumtuliza mtoto mno, lakini humsemesha na kukodoleana naye macho kwa kiasi kidogo kuliko mama wa Boston. Nasi tuliolelewa huku tunajua kwamba mdogo huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima. Swali hilo likitafsiriwa neno kwa neno na kupelekwa Nyanchwa, mtoto mzima anaweza kuhesabiwa kuwa na tatizo, na mwenye tatizo akasifiwa kwa adabu yake.

Kwamba jambo hili linawezekana kurekebishwa, Kilifi ni ushahidi. Watafiti wa huko hawakuridhika na kuagiza vipimo kutoka ng'ambo. Mwaka 2008 walichapisha kipimo cha ukuaji wa mtoto kilichotungwa na kujaribiwa katika mazingira ya Kilifi yenyewe. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2006, ulikadiria kwamba kati ya watoto 1,000 wa miaka 6 hadi 9, watoto 61 walikuwa na hitilafu ya mfumo wa neva ya kiasi cha kati au kali. Hao si wachache wa kupuuzwa.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaodai kuwa kazi hii ni ya madaktari. Nawajibu kwamba daktari hakusomea maana. Sisi tumeisomea semantiki miaka minne. Wengine watasema kamusi zipo. Naam, TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na heshima yao haipungui. Hata hivyo, kamusi hutoa istilahi, nayo istilahi haijawa bado sentensi ya kumwambia mlezi. Tena istilahi zenyewe zinagongana. Huku tunasema usonji, kule tawahudi. "Mtindio wa ubongo" hutumiwa na baadhi kwa ulemavu wa viungo utokanao na ubongo, na wengine kwa upungufu wa akili, ilhali mtoto wa kundi la kwanza aweza kuwa na akili timamu kabisa na akanyimwa shule kwa sababu ya jina.

Pingamizi la tatu nalikubali: lugha ya mama Nyanchwa ni Ekegusii. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili. Maagizo ya dawa yatungwe kwa Kiswahili kilicho wazi, kisha yajaribiwe kwa wazungumzaji wa Ekegusii kabla ya kuchapishwa.

Pendekezo langu ni dogo. Badala ya tasnifu nyingine juu ya dhamira katika riwaya ambayo imekwisha kuchambuliwa mara kumi, wanafunzi wachache katika kila idara waende kwenye maduka ya dawa na zahanati za karibu, kwa idhini na kwa kuwasitiri wagonjwa, wakusanye maagizo kama yanavyotamkwa. Wawaombe walezi wayaeleze tena kwa maneno yao. Pale maana mbili zinapoachana, hapo pana utafiti. Kisha wakae na mfamasia na mwanahisabati, watunge maneno mapya, wayapeleke tena kwa walezi.

Kwa mfano: "Vuta dawa kwa sirinji hadi mstari wa 5. Mpe saa moja asubuhi, na tena saa moja jioni, kila siku. Chupa ikikaribia kuisha, njoo uchukue nyingine. Usiiache hata ukiona amepona, mpaka daktari akuambie." Hakuna kijiko humo, wala kutwa, wala dozi.

Mjukuu wa shangazi anaendelea na dawa. Maneno hayo manne ya maagizo tuliyaandika pamoja, mimi na shangazi, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, tukayabandika juu ya kabati la jikoni. Ni karatasi moja katika nyumba moja. Shime wasomi wenzangu, tuziandike nyingine.