Mwandikie neno, usimwimbishe herufi

Jirani yangu hapa sokoni Keumbu, muuza ndizi, ana mtoto wa PP2 anayemwonea fahari. Mteja akisimama kidogo tu, mtoto huambiwa aimbe: ei, bii, sii, mpaka zed. Watu wakapiga makofi. “Mwalimu, huyu si atakuwa daktari?” mama yake huniuliza. Juzi nilichukua chaki nikamwandikia mtoto ‘embe’ kwenye ubao wa kreti. Akaliangalia, akasema, “Iimbii.” Nikaandika ‘ndizi’, kitu alichozaliwa akakikuta. Akataja herufi zote kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine, kisha akanyamaza.

Mtoto hana kosa lolote. Amepewa majina ya herufi, sauti zake hajapewa. Ukiunganisha ‘em’ na ‘ei’ hupati ‘ma’, hata ukirudia mpaka jioni. Nimefundisha madarasa ya chini hadi nikastaafu, na nasema bila kupepesa macho: wimbo wa herufi unawafurahisha wazazi kuliko unavyowafaa watoto.

Kiswahili kimetupa irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti kama 44, nasi tunataka mtoto aanzie huko! Waingereza wenyewe wanaanza na sauti. Tangu 2012, watoto wao wa miaka mitano na sita hupimwa kwa kusomeshwa maneno 40, na 20 kati ya hayo hayana maana yoyote. Yamebuniwa makusudi, ili mtoto asiweze kukariri.

Hapa kwetu mpango wa Tusome, ulioletwa na Wizara ya Elimu mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulifuata njia hiyo hiyo: sauti, silabi, neno, hadithi, na kila mtoto na kitabu chake mkononi badala ya vichwa vinne kugongana juu ya kimoja. Mradi umekwisha. Mbinu haikuwa mali ya wafadhili, na sioni sababu ya mwalimu kuiacha.

Lakini sauti peke yake haitoshi, hasa kwetu Wagusii. Ekegusii kina irabu saba zinazoandikwa kwa herufi tano, na hakina ‘l’. Mtoto akiona ‘lala’ akatamka ‘rara’, amesoma; msahihishe taratibu, usimpige. Tena kwetu ‘baba’ ni mama. Mtoto anasoma neno hilo sawasawa, anatazama picha ya mwanamume kitabuni, anachanganyikiwa. Mwalimu asiyesimama kuzungumza naye kwa Ekegusii anamwacha njia panda. Ripoti ya Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, ila wazazi wengi bado wanaiona lugha hiyo kama ya shambani tu.

Nyumbani hakuhitajiki pesa. Nilimwomba muuza soda vifuniko, nikaandika silabi kwa kalamu ya wino mzito, nikampa yule mama. Wateja wakipungua, anapanga: ma, to, ke. Mtoto akasoma “matoke”, akacheka, maana yamemjaa miguuni. Mama akavigeuza: ke, ma, to. “Kemato!” Neno halipo popote duniani, lakini amelisoma, na hapo ndipo nilipojua ameshika. Mama mwenyewe aliishia darasa la nne. Kazi hii haimshindi, na ni dakika chache kabla ya kufunga kibanda.

Kwa hiyo, mzazi, ukiitwa shuleni muhula huu, usifurahie wimbo. Mwombe mwalimu amwandikie mwanao neno ambalo hajawahi kuliona, kisha kaa kimya umsikilize akilisoma.