Mtoto anaharisha? Usimwachishe ziwa

Mtoto wa miezi mitano anaharisha tangu usiku. Kukicha, ushauri unamiminika. Shangazi anasema maziwa ya mama yameharibika, jirani anadai mtoto amebemendwa, mwingine anataka aachishwe ziwa siku mbili apewe uji mwepesi. Mama mwenye hofu anaweza kukubali, na hapo mtoto ananyang'anywa kinga yake wakati anaihitaji zaidi.

Maziwa ya mama si chakula tu. Ndani yake mna protini zinazopambana na bakteria wa tumboni. Mojawapo ni laktoferini. Bakteria wengi huhitaji madini ya chuma ili wazaliane. Protini hii huyashika madini hayo, nao wakakosa cha kutumia. Nyingine ni lisozaimu, ambayo huharibu ukuta wa baadhi ya bakteria na kuwaua.

Ya tatu ni kingamwili iitwayo IgA. Hii huvinasa vimelea na kuvizuia visijishikize kwenye utumbo wa mtoto. Mama na mtoto wanaishi nyumba moja na kugusa vitu vilevile. Vimelea vya nyumba hiyo vikiingia tumboni mwa mama, chembe za kinga za mwili wake huvitambua, kisha baadhi husafiri hadi kwenye matiti na kutengeneza kingamwili za kupambana na vimelea hivyohivyo. Maziwa ya kopo hayana kingamwili hizo za mama.

Laktoferini na IgA ni nyingi zaidi kwenye dang'a, yaani maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Hata hivyo, mtoto anayenyonya naye anaweza kuharisha, hasa mikono ya anayemhudumia ikiwa michafu au akipewa chupa isiyosafishwa vizuri. Hilo likitokea, mzazi afanye haya:

• Amnyonyeshe mara nyingi zaidi, mchana na usiku.

• Ampe maji ya ORS kidogo kidogo kila anapoharisha, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo alichoelekezwa kituo cha afya.

• Asinunue dawa za kuua bakteria bila ushauri wa daktari.

• Maziwa yaliyokamuliwa ayapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto. Asiyachemshe, kwani joto kali huharibu protini hizo.

Mtoto awahishwe hospitali mara moja akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, akitapika kila kitu, akilegea au akishindwa kunyonya.

Shangazi na jirani wanamtakia mtoto mema. Wanaweza kumsaidia mama kwa kuchemsha maji ya kunywa, kufua nepi na kumpikia, ili yeye apate nafasi ya kukaa na kunyonyesha.