Nyota Naye ni Mfanyakazi

Mapema Machi 2024, lori lenye skrini kubwa ya umeme liliegeshwa mbele ya ofisi za kampuni ya SM Entertainment mjini Seoul. Maandishi ya kwenye skrini yalimlenga Karina, kiongozi wa kundi la aespa. Yalimuuliza kama upendo wa mashabiki haumtoshi, yakamtaka aombe radhi, la sivyo ataona mauzo ya albamu yakiporomoka. Karina alikuwa na umri wa miaka 23, na kosa lake ni kwamba ilijulikana ana mpenzi. Akashika kalamu, akawaandikia mashabiki barua ya kuomba radhi kwa mkono wake mwenyewe. Haukupita mwezi, kampuni ikathibitisha kuwa wawili hao wameachana.

Toleo hili tumeliandaa kwa ajili ya wasomaji wetu wengi wanaoupenda muziki wa K-pop, na hatuna nia ya kuwatoa kwenye mapenzi hayo. Muziki wenyewe ni mzuri, na nidhamu ya wanaouimba inastahili heshima. Jihyo wa TWICE alikaa uanagenzini miaka 10 kabla ya kundi lake kuzinduliwa mwaka 2015. Alianza akiwa mtoto. Lakini huwezi kuusifu ustadi huo ukanyamaza juu ya gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na mwimbaji.

Mwaka 2009 wanachama watatu wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13. Mwaka huo huo, mkataba wa mfano uliotolewa na serikali uliweka ukomo wa miaka saba. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, swali la msingi halikuguswa: huyu anayeamka alfajiri kwenda mazoezini, anayepangiwa mlo, nguo na maneno ya kusema, ni nani mbele ya sheria?

Jibu lilikuja Novemba 2024. Mwezi mmoja kabla, Hanni wa NewJeans, binti wa miaka 20, alikuwa ameketi mbele ya kamati ya bunge la Korea Kusini, akaeleza huku akilia jinsi alivyotengwa na kudharauliwa kazini. Mamlaka ya kazi ikaamua kwamba sheria ya viwango vya kazi haimhusu, kwa sababu hana saa maalumu za kazi na mapato yake hayahesabiwi kuwa mshahara. Uamuzi huo si wa haki. Kukosa saa maalumu za kazi ndiyo mateso yenyewe ya maisha haya, na sasa kumegeuzwa kuwa sababu ya kumnyima ulinzi.

Penye pengo hilo ndipo shabiki, kampuni na vyombo vya habari wanapopita kumdai nyota kila kitu. Sulli, aliyekuwa wa kundi la f(x), alitukanwa kwa miaka mingi kwa sababu ya mavazi yake, wapenzi wake na msimamo wake kuhusu wanawake. Mwaka 2019 alikuwa mmoja wa waongozaji wa kipindi cha televisheni ambamo watu mashuhuri walisoma kwa sauti matusi waliyoandikiwa. Oktoba mwaka huo huo alifariki akiwa na miaka 25. Wiki sita baadaye akafuata rafiki yake, mwimbaji Goo Hara, miaka 28. Kabla yao, Desemba 2017, alikuwa ameondoka Jonghyun wa SHINee, miaka 27. Kila kifo kina mambo yake ya ndani, na si kazi yetu kuyafukua. Ila vijana hawa waliishi hadharani bila pa kupumzikia, na hilo halina ubishi.

Tovuti ya Daum ilifunga maoni kwenye habari za burudani mwezi ule ule aliofariki Sulli, na Naver ikafuata Machi 2020. Tunazipongeza. Lakini matusi yalihamia kwingine, na watukanaji hawakosi, wengine wakiwa mbali kabisa na Seoul.

Kwa hiyo, msomaji, nunua albamu, jifunze kucheza, piga kelele ukumbini. Mapenzi ya Karina, uzito wa mwili wake na usingizi wake si vyako. Na bunge lile lililomsikiliza Hanni akilia lina wajibu wa kuibadili sheria, ili alindwe kazini sawasawa na karani wa kampuni yake.