Shukrani Isiyo na Mshukuriwa



Wapendwa katika Kristo, kila mwaka ifikapo Alhamisi ya nne ya Novemba, Marekani huadhimisha Siku ya Shukrani. Siku chache kabla yake watoto wetu hurudi kutoka shuleni wakiwa wamevaa kofia nyeusi za karatasi, au taji za manyoya ya karatasi. Wamefundishwa kwamba wahamiaji wa Kiingereza waliokimbia kuonewa kwa ajili ya dini waliketi mezani na wenyeji wa nchi, wakala batamzinga, wakapendana. Hadithi huishia hapo. Sisi tunaohudumia familia zizungumzazo Kiswahili katika nchi hii, nyingi zikiwa zimekimbia vita vya Kongo na Burundi, tunaona si vema kunyamaza.

Mama mmoja aliyetoka Kivu alituletea karatasi ya mwanawe wa darasa la pili. Mtoto alikuwa ameagizwa kuandika mambo matano anayoyashukuru, naye akaorodhesha baiskeli, runinga na mengineyo. "Padre," alisema yule mama, "nilimwuliza, 'Sasa unamshukuru nani?' Akanijibu, 'Mwalimu hakusema.'"

Hilo ndilo kosa la kwanza. Lugha yetu yenyewe inalikataa: tunamshukuru mtu kwa ajili ya kitu. Anayesema "nashukuru" humtazama mwenzake usoni. Kuhesabu vitu ulivyo navyo bila kumtaja aliyekupa si kushukuru, bali ni kukagua ghala. Yule tajiri mpumbavu wa Injili alikuwa hodari sana wa kukagua maghala yake.

Kosa la pili ni kuificha kweli. Watoto huambiwa kwamba Tisquantum, aliyewafundisha wageni kupanda mahindi, alijua Kiingereza. Je, huambiwa alikijuaje? Mwaka 1614 nahodha Mwingereza, Thomas Hunt, alimteka pamoja na wenzake, akawapeleka Málaga, Hispania, kuwauza utumwani. Huko watawa wa Kikatoliki waliingilia kati wakawachukua baadhi ya mateka wale. Tisquantum alifika London, na mwaka 1619 akarudi kwao Patuxet. Alikuta kijiji kimekwisha kwa tauni. Juu ya mashamba ya marehemu hao ndipo abiria wa meli ya Mayflower walipojenga Plymouth mwaka 1620. Walikuwa 102, na karibu nusu yao walikufa kabla ya majira ya baridi kwisha. Mwaka 1621 waliobaki walivuna, wakafanya sherehe ya siku tatu pamoja na Massasoit, kiongozi wa Wampanoag, aliyekuja na watu wapatao 90 na kuleta kulungu watano. Karamu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mwaka 1676 Metacom, mwana wa Massasoit, aliuawa vitani, na kichwa chake kikatundikwa juu ya mti katika mji ule ule wa Plymouth, kikakaa miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mazito mno kwa watoto. Tunakubali kwamba mtoto wa miaka saba hahitaji kusikia habari za kichwa kile. Lakini anaweza kuambiwa kwamba wageni walikuwa na njaa, wenyeji wakawasaidia, na baadaye wenyeji hao wakalipwa ubaya. Mtoto wa mkimbizi hulielewa somo hilo upesi kuliko mwalimu wake, maana anajua kupokelewa ni nini, na kufukuzwa ni nini.

Wapo pia wanaotaka siku hii iondolewe kabisa darasani. Hao nao tunawapinga. Tangu mwaka 1970 wazawa wa wenyeji wale hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza, na ni haki yao. Lakini wakifa kila mwaka katika ukimya wa madarasa, nani atawakumbuka? Dawa ya somo la uongo ni somo la kweli.

Na wale wanaosema sheria inakataza kumtaja Mungu, wasome vizuri. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1963 ilikataza ibada ya kusoma Biblia katika shule za umma. Haikukataza kufundisha habari za dini kama sehemu ya elimu. Basi mwalimu na alisome darasani tangazo la Rais Abraham Lincoln la Oktoba 3, 1863, lililoiweka siku hii katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Humo wananchi waliombwa kumshukuru Baba aliye mbinguni, kutubu uasi wa taifa lao, na kuwaombea wajane na yatima. Shukrani na toba zilitangazwa pamoja. Ni nani aliyezitenganisha?

Waisraeli walifundishwa hivyo zamani. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, mtu aletaye malimbuko hasemi "asante" kwanza. Husimulia: baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, walitumikishwa Misri, Bwana akawatoa. Kisha hutoa kikapu chake, na kufurahi pamoja na mgeni aliye kwake.

Shule zetu za Kikatoliki hazina udhuru wowote. Ekaristi, neno la Kigiriki, maana yake ni shukrani, nasi kwa kawaida huanza Misa kwa kukiri makosa yetu. Wazazi, msiingoje shule. Alhamisi hiyo, kabla ya kula, mwambieni mtoto ni nani aliyewapokea mlipofika, ardhi hii ilikuwa ya nani, na ni nani aliyewalinda njiani. Kisha mwulizeni tena, "Unamshukuru nani?" Msile mpaka ajibu.